Jinsi ya kusoma Project Hail Mary bila kuruka hesabu

Kila ninayemwazima kitabu hiki hunirudishia na maneno yaleyale: hadithi tamu, nimelia, nimecheka, ila zile hesabu nilizipita. Nami mara ya kwanza nilizipita. Niliona ni mapambo ya mwandishi anayependa sayansi, nikawa nafunua kurasa kwa haraka nifike kwenye mazungumzo. Mara ya pili nilisoma polepole, kalamu mkononi, ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimeruka kitabu chenyewe. Urafiki ulio katikati ya riwaya hii umejengwa kwa vipimo. Wawili wasio na lugha moja, wala hewa moja ya kuvuta, wanaanza kuaminiana pale wanapokubaliana urefu wa sekunde. Anayeruka hesabu anawakuta marafiki wameshapatana, asijue walipatanaje.

Mwongozo huu ni kwa yule ambaye hajakisoma, na pia kwa aliyekisoma kwa haraka kama nilivyofanya. Kuna sehemu moja inayofichua mambo, na nimeiwekea onyo. Nyingine unaweza kuzisoma bila hofu.

Kwanza, jina lake

Riwaya imeandikwa na Andy Weir, Mmarekani aliyekuwa mwandaaji wa programu za kompyuta kabla ya kuishi kwa uandishi. Ilitoka mwaka 2021 na ina kurasa zaidi ya 470. Jina linaweza kukupoteza. Hail Mary ni "Salamu Maria", na nimewahi kumwona mtu akikirudisha kitabu rafuni akidhani ni cha ibada. Wamarekani wana matumizi mengine ya maneno hayo. Katika mpira wao wa miguu, timu inayokaribia kufungwa huku dakika zikiisha huurusha mpira mbali kabisa na kuomba Mungu. Msemo huo ulienea mwaka 1975, baada ya Roger Staubach wa Dallas Cowboys kurusha mpira wa namna hiyo na kueleza kwamba alifumba macho akasali Salamu Maria. Chombo cha anga ndani ya riwaya kimepewa jina hilo kwa sababu hiyo: ni mrusho wa mwisho wa wanadamu.

Msomaji wa Kiswahili aliyekulia kwenye rozari ana faida yake hapa. Mhusika mkuu anaitwa Ryland Grace, na Grace ni neema. "Salamu Maria, umejaa neema." Chombo kiitwacho Salamu Maria, na ndani yake yumo Neema.

Fumba macho kwa matangazo

Kama hujaona tangazo la filamu yake, ile ambayo Ryan Gosling ndiye mhusika mkuu, usilitafute. Usisome maoni ya watu mtandaoni. Usisome hata maelezo ya nyuma ya jalada. Kitabu kinaanza na mtu anayeamka asijue jina lake wala mahali alipo. Kompyuta inamuuliza mbili jumlisha mbili ni ngapi, naye ulimi haumtii. Mwandishi amekupangia ujue mambo kwa mwendo uleule anaoyajua mtu huyu, na ukiingia ukijua zaidi yake umejinyima raha kubwa kuliko zote zilizomo.

Unachohitaji kujua kabla ni kidogo. Jua linafifia. Kuna kitu kidogo mno, kinachohitaji hadubini kukiona, kinachokula nguvu zake, na wanasayansi wamekiita Astrophage, neno lililoundwa kutoka Kigiriki, lenye maana ya mla nyota. Nyota nyingine za jirani zimeshaambukizwa, lakini moja imesalimika. Mtu ametumwa akachunguze kwa nini.

Karatasi au sauti?

Kiingereza chake ni chepesi. Grace ni mwalimu wa sayansi wa watoto wa shule, na anaeleza kila kitu kama anavyoeleza mwalimu mzuri, kwa sentensi fupi na mifano ya vitu vya kushikika. Aliyefika kidato cha nne hatashindwa. Maneno magumu ni ya kisayansi, na mengi yanarudiwa mpaka yanazoeleka.

Kipo pia kitabu cha sauti, kinachosomwa na Ray Porter kwa muda wa saa 16 hivi, na ni kizuri kweli kweli. Katikati ya hadithi kuna sauti ambazo karatasi haiwezi kukupa. Ushauri wangu ni usome kwa karatasi hadi theluthi ya kwanza, kwa sababu hapo utahitaji kurudi nyuma na kuhesabu. Ukifika anapotokea yule mwingine, rudia sura hizo kwa masikio. Kama fedha inatosha kimoja tu, chukua karatasi.

Daftari lenye safu mbili

Hadithi inakwenda kwa njia mbili kwa zamu. Njia moja ni chombo, sasa hivi. Nyingine ni dunia, zamani kidogo, na inamjia Grace vipandevipande kadiri kumbukumbu zinavyorudi. Wasomaji wengi hupotea hapa, hasa wanaosoma sura moja kila usiku kabla ya kulala.

Chora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto andika "Chomboni", kulia "Duniani". Kila sura ikiisha, andika jambo moja tu kila upande: amejua nini kipya? Usiandike muhtasari wa matukio, utachoka kabla ya sura ya tano. Baada ya sura kama kumi tazama safu zote mbili kwa pamoja. Utaona kwamba kumbukumbu haziji ovyo. Kila moja inafika wakati ujuzi wake unapohitajika chomboni, na upande wa kulia unajenga swali moja zito: mtu huyu alipandaje chombo kile? Acha nusu ukurasa wazi kwa ajili ya jibu lake.

Jiwe na uzi

Hapa ndipo wengi wanaanza kuruka, kwa hiyo hapa tukae.

Mapema kabisa, Grace hajui aliko. Anahisi mwili wake ni mzito kupita kawaida. Badala ya kuhofu, anaangusha vitu na kupima muda vinavyochukua kufika sakafuni. Anapata kwamba kasi ya kitu kinachoanguka inaongezeka kwa mita 15 kwa sekunde, kila sekunde. Duniani ni mita 9.8. Kwa namba hiyo moja anajua kwamba hayuko duniani. Ukipita ukurasa huo kwa haraka utaambiwa tu kwamba hayuko duniani. Ukiufanya mwenyewe, utaogopa naye.

Kupima kitu kinachoanguka kwa simu ni vigumu, kwani kutoka urefu wa mita moja kinafika chini kabla ya nusu sekunde. Tumia njia ya timazi ya fundi uashi:

1. Funga jiwe dogo au nati kwenye uzi. Urefu kutoka unapofungia juu hadi katikati ya jiwe uwe mita moja kamili.
2. Ning'iniza kwenye kenchi au fremu ya mlango, mahali ambapo halitagusa kitu.
3. Livute pembeni kidogo, upana wa kiganja tu, uliachie bila kulisukuma.
4. Pima kwa simu muda wa kwenda na kurudi mara 10.

Utapata takriban sekunde 20. Sasa fikiria uzi uleule mahali alipo Grace: ungechukua sekunde 16 na kidogo. Mwezini ungechukua 49. Uzito wa jiwe haubadilishi kitu, na kama huamini, badilisha jiwe. Urefu wa uzi na nguvu ya mvuto ndivyo vinavyoamua. Grace naye anatumia uzi, kwa swali jingine: je, uzito huu unatoka kwenye chombo kinachozunguka kama pia, au kwenye chombo kinachoongeza kasi kwenda mbele? Katika chombo kinachozunguka, uzito ungetofautiana kati ya ghorofa ya juu na ya chini, na muda wa bembea ungetofautiana pia. Anapima juu, anapima chini. Nenda ukasome alichopata.

Fanya jaribio hili na mtoto wa nyumbani kama yupo. Atakuuliza maswali mazuri kuliko ya kwako.

Miaka ambayo si miaka

Jambo la pili linalowasumbua wasomaji ni umbali na muda. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka kwenye Jua hadi kwetu unachukua dakika 8 na ushei. Kutoka Tau Ceti, nyota anayoiendea Grace, unachukua karibu miaka 12. Nyota hiyo ipo kweli, mwandishi hakuibuni.

Sasa chombo kinachoongeza kasi kwa ule mchapuko wa mita 15 hadi nusu ya safari, kisha kikafunga breki kwa kiasi hichohicho, kitafika baada ya miaka 13 hivi kwa saa ya duniani. Kwa saa iliyo ndani ya chombo, itapita chini ya miaka minne. Hii si ndoto ya mwandishi. Ni nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein ya mwaka 1905, na nimeipiga hesabu mwenyewe nikapata kama kilivyo kitabuni. Andika namba hizi mbili kwenye jalada la daftari. Kila Grace anapowakumbuka wanafunzi wake, zitazame. Watoto aliowaacha wakiwa darasani sasa ni watu wazima, na ujumbe wowote atakaoutuma utawakuta wamezeeka zaidi. Namba hizo ndizo zinazoupa upweke wake uzito.

Vya kubuni viko vichache na ni vizuri kuvijua: Astrophage yenyewe, na maada moja ngumu ajabu utakayokutana nayo mbele. Vikubali hivyo, na karibu kila kitu kingine kinafuata sheria za fizikia tulizofundishwa.

ONYO: usisome sehemu hii kabla hujakutana na mgeni

Kama bado Grace yuko peke yake kwenye kurasa zako, ruka hadi kichwa kifuatacho kisha urudi baadaye.

Sasa umeshamwona Rocky. Ana miguu mitano, ngozi kama jabali, hana macho. Anaishi kwenye hewa ya amonia yenye joto la nyuzi 210, moto kuliko mafuta ya kukaangia maandazi, na mgandamizo wa hewa mara 29 ya huu wa kwetu. Usipite namba hizo. Unaijua sufuria ya presha inavyoivisha maharage haraka: mgandamizo ukipanda, maji yanachelewa kuchemka, na joto linapanda kupita nyuzi 100. Kwa mgandamizo wa mara 29, maji hubaki maji hata kwenye nyuzi 210. Ndiyo maana uhai uliweza kuwepo kwao. Na ndiyo maana kati ya marafiki hawa lazima uwepo ukuta daima. Akiingia mmoja upande wa mwenzake, anakufa. Kushikana mkono kwao ni jambo la kuhesabiwa kwanza.

Tazama wanavyoanza. Hawaanzi na "jina lako nani". Wanaanza na saa. Rocky anapima muda kwa kipimo chake, Grace kwa chake, na wanatafuta uwiano. Sisi tunalijua jambo hili vizuri. Ukimwambia mgeni mkutane saa mbili asubuhi, anasikia saa mbili za usiku wa manane, na mnapishana kwa saa sita kamili ingawa jua mnaloliona ni moja. Lazima mmoja aulize: saa mbili ya nani? Swali hilo ni dogo, lakini ukilisikia unajua mwenzako ametambua kwamba wewe unaishi katika mpangilio mwingine, wenye akili sawa na wake.

Kisha namba. Rocky ana vidole vitatu kila mkono, hivyo anahesabu kwa sita kama sisi tunavyohesabu kwa kumi. Chukua kete za bao au punje za maharage uzipange kwa mafungu ya sita. Baada ya 5 inakuja 10, nayo ni sita yetu. Saba ni 11, kumi na mbili ni 20, thelathini na sita ni 100. Andika umri wako kwa namba za Rocky kabla hujaendelea. Mwenye miaka 30 ataandika 50, mwenye 41 ataandika 105. Baada ya hapo, ile sehemu wanayosoma saa pamoja itakuwa nyepesi kabisa.

Lugha yake ni sauti kadhaa kwa pamoja, kama kinanda kinapopigwa kwa vidole vitatu. Grace hawezi kuitamka, na Rocky hawezi kutamka ya Grace. Kwa hiyo kila mmoja anasema lugha yake, akimwelewa mwenzake. Nilipofika hapo nilikumbuka nyumba nyingi ninazozijua, bibi anasema Kihaya au Kichaga, mjukuu anajibu Kiswahili, na hakuna anayeona ajabu. Wasomaji wa mahali penye lugha moja husoma sehemu hii kama maajabu. Sisi tuisome kama nyumbani, na kwa sababu hiyo tuone mambo ambayo wao huyapita: jinsi kosa la sarufi la Rocky linavyogeuka kuwa tabia yake, kisha kuwa utani wao wawili.

Kuna jambo moja ninalokuomba ulisome mara mbili. Watu wa Rocky wakilala hawawezi kuamka kwa hiari yao, kwa hiyo mwenzao hukaa macho kuwalinda. Rocky hakubali Grace alale bila kuangaliwa. Grace mwanzoni anaona karaha. Weka alama pembeni kila mara usingizi unapotajwa kuanzia hapo, uone jinsi kuangaliwa kunavyobadilika kwake hadi kurasa za mwisho.

Kusoma na wenzako

Kitabu hiki kinafaa kikundi cha watu wanne au watano, wawe kwenye WhatsApp au barazani. Gawa kwa wiki tano. Kubalianeni kwamba hakuna anayetaja kilicho mbele, na anayesoma haraka ajizuie.

Swali la kuanzia mjadala liwe Eva Stratt, mwanamke aliyepewa mamlaka juu ya serikali zote ili dunia iokoke. Hapigi kura, haulizi, hasubiri mahakama. Je, angekuwa rais wenu mngesema nini? Kikundi changu kiligawanyika, na hakikupatana hata baada ya kitabu kuisha.

Swali la pili ni letu zaidi. Duniani, ndani ya riwaya, inahitajika sehemu kubwa yenye jua ili kuzalisha mafuta ya chombo, na wanachagua Sahara. Wanaifunika kwa paneli nyeusi. Ukurasa unapita upesi, na watu wanaoishi katika jangwa lile, Watuareg na wengineo, hawatajwi wala hawaulizwi. Nakipenda sana kitabu hiki, na bado hapo naona mwandishi ameitazama Afrika kama uwanja mtupu. Lisemeni. Kitabu kizuri hakivunjiki kwa kuambiwa ukweli.

Mwisho toka nje

Nyota zote mbili muhimu za riwaya zinaonekana kwa macho kutoka kwetu, na kwa urahisi kuliko kutoka Ulaya. Kipindi bora ni katikati ya Januari, saa mbili usiku, mvua za vuli zikishaisha. Nenda mbali na taa za mji, uyape macho dakika 15 yazoee giza. Programu ya Stellarium kwenye simu itakusaidia, ila punguza mwanga wa kioo.

Kwa Tau Ceti, elekea magharibi, kidogo kuelekea kusini. Nyota angavu iliyo chini ni Fomalhaut, jina la Kiarabu lenye maana ya mdomo wa samaki. Nyoosha mkono, kunja ngumi; ngumi hiyo ni nyuzi 10 angani. Panda karibu ngumi tatu utaikuta Diphda, nayo inang'aa vya kutosha. Kutoka hapo panda tena ngumi moja na nusu. Ile nyota ya wastani, ya njano hafifu, ndiyo Tau Ceti.

Sasa geuka mashariki. Jabari, kundi la nyota liitwalo Orion kwa Kiingereza, anapanda, zile nyota tatu zilizojipanga mstari zikiwa kiunoni mwake. Upande wa juu kulia kuna nyota nyeupe ya samawati, Rigel, mguu wa Jabari. Kutoka Rigel panda ngumi moja na nusu kuelekea utosini. Utaona nyota ndogo, inayohitaji giza la kweli. Hiyo ni 40 Eridani, na ukiwa umeshamaliza kitabu unajua nani ametoka huko. Kwa aliye Dar es Salaam au Zanzibar, ikifika saa tatu itakuwa karibu utosini kabisa. Mwanga unaokuingia machoni uliondoka huko miaka 16 iliyopita.

Lala chali kwenye mkeka, shingo isikuume. Na kama mwenzako amesinzia pembeni, usimwamshe. Mwangalie.